Gramu Tatu za Huruma

Pale kazini kila mtu alimwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi Daktari mwenyewe, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja katika jengo lile. Jina lilimganda tu, kama vumbi la maranda lilivyoganda kwenye koti lake la bluu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba, mabega mapana, sauti nzito, na magoti yaliyokwisha kuanza kulalamika kwenye ngazi. Kazi yake ilikuwa kutunza panya.

Si panya wa darini, wale wanaotafuna sabuni na nyaya. Hawa walikuwa panya weupe wa utafiti, waliozaliwa ndani ya vizimba vya plastiki vyenye mfuniko wa waya, wakala chakula cha kupimwa, na maisha yao yote yakaandikwa kwenye kadi iliyoning'inia mbele ya kizimba. Walikaa ghorofa ya chini, katika chumba kirefu kisicho na dirisha. Taa ziliwaka na kuzimika zenyewe kwa saa, na feni ya kutolea hewa iliunguruma mchana na usiku. Kwa miaka kumi na tisa Shangazi alibadilisha maranda yao ya kulalia, akaosha chupa zao za maji, akapima chakula walichobakiza na kuandika. Mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Nahudumia wapangaji," akamwacha na maswali yake.

Mwenzake katika chumba kile alikuwa mzee mmoja mwembamba waliyemwita Babu Funguo, kwa sababu alitembea na kitita cha funguo kiunoni na ulimsikia kabla hujamwona. Alikuwa amebakiza miezi tisa kustaafu. Wawili hao walijuana hadi vikohozi. Babu Funguo alipima chakula asubuhi. Mchana alipanda juu kuosha chupa kwa mashine, na Shangazi akabaki peke yake na panya hadi jioni.

Mwaka huo Daktari alileta utafiti mpya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, mwenye mazoea ya kuchomeka kalamu kwenye nywele kisha kuitafuta mezani. Alikuja chumbani na orodha ya panya thelathini na sita, wote wachanga, wote wa umri mmoja, akawagawa makundi matatu ya kumi na wawili.

Kundi la kwanza lilichomwa sindano ya maji ya chumvi tu, na lilikula lilivyotaka. Shangazi akawaita matajiri. Kundi la pili lilichomwa sindano ya dawa. Nao waliruhusiwa kula walivyotaka, ila hawakutaka. Walijikunja pembeni manyoya yamesimama, wakanusa chakula na kugeuza uso. Hao wakawa wagonjwa. Kundi la tatu ndilo lililomsumbua tangu siku ya kwanza. Lilichomwa maji ya chumvi kama matajiri, lilikuwa zima kabisa, lakini kila panya alifungamanishwa na mgonjwa mmoja. Mgonjwa namba kumi na saba akila gramu tisa jana, panya namba ishirini na tisa anapewa gramu tisa leo, basi. Kwenye karatasi za Daktari waliandikwa "wenza".

"Wenza bila mume," alisema Babu Funguo. "Haya mapya."

"Na bila chakula," akajibu Shangazi.

Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo. Alipewa jedwali la kujaza, akaonyeshwa mizani mpya inayosoma hadi sehemu ya gramu, akaambiwa awe makini. Umakini alikuwa nao miaka yote.

Tatizo lilianza na ishirini na tisa. Panya mzima wa umri ule hula gramu kumi na tano au zaidi kwa siku na bado akalamba chombo. Ishirini na tisa alimaliza gramu zake tisa kabla ya saa nne asubuhi, kisha akabaki na siku nzima mbele yake. Mchana, Shangazi alipoingia, alimkuta amesimama kwa miguu ya nyuma, vidole vidogo vya waridi vimeshika waya, pua ikicheza. Akienda kushoto, panya anakwenda kushoto. Akienda kulia, na yeye kulia.

"Usinitazame hivyo," Shangazi alimwambia. "Mimi si mpishi. Mimi ni karani."

Lakini alikuwa na sababu yake ya kutoweza kustahimili kutazamwa hivyo, na hiyo ilikuwa ya zamani.

Miaka ishirini na mitano nyuma, binti yake wa pekee, akiwa na miaka saba, alianza kutokwa na madoa ya bluu miguuni bila kujigonga popote. Hospitali wakasema ni saratani ya damu. Tangu hapo ikawa sindano na vidonge kwa miaka miwili na nusu. Dawa zilikuwa kali. Zilimtoa mtoto vidonda mdomoni, zikamnyoa nywele, na zikamwondolea kabisa hamu ya kula. Mama alisonga uji, akaponda viazi, akachemsha mayai, akachuja supu. Mtoto alifunga meno, au alimeza vijiko viwili kisha akavirudisha vitatu.

Mama mkwe alikuwa akiishi nao wakati huo. Alikuwa na neno moja alilolirudia kila sahani iliporudi imejaa: "Mtoto huyu hauawi na ugonjwa, anauawa na njaa. Na mama yake yupo." Alilisema taratibu, kama mtu anayesoma saa.

Kuna siku Shangazi alichoka. Alikuwa amemkamata mtoto kichwa ili ameze, na mtoto akamtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyasahau, si ya hasira, ya kuomba tu. Akaweka kijiko chini. Kuanzia siku hiyo, mtoto akikataa hakumlazimisha. Alitoka na bakuli, akamwaga nyuma ya nyumba, akarudi akasema, "Amekula." Alimwambia mumewe amekula, akamwambia mama mkwe amekula, na hospitali muuguzi alipouliza akiwa ameshika kalamu, "Anakula vizuri?" akajibu, "Anakula."

Mtoto alipona. Lakini hakurefuka kama wenzake. Alipofika miaka ishirini, kichwa chake kiligota kwapani mwa mama yake. Shuleni walimpa jina la Nukta, naye akalichukua akalifanya lake, akawa anasaini hivyo hivyo kwenye madaftari. Sasa alikuwa mwalimu wa hesabu, anaandika kwenye nusu ya chini ya ubao, na wanafunzi wa nyuma walishazoea kusimama ili waone. Ukimwona darasani ungedhani ana mita mbili, kwa jinsi walivyomwogopa na kumpenda.

Mama yake hakumwona hivyo. Kila Nukta alipovuta kigoda ili afikie rafu, moyo wa Shangazi ulimwambia: huyo ni wewe uliyemfupisha. Hakumwambia mtu. Mumewe alifariki hajui, na mama mkwe akafariki akiamini alilokuwa akilisema.

Basi alipomwona ishirini na tisa ameshika waya, mkono ulikwenda wenyewe. Chini ya gunia la chakula kulikuwa na makombo, vipande vilivyovunjika ambavyo havikuhesabiwa kwa sababu vilikuwa vya kutupwa. Alichukua kidogo, kama gramu tatu, akadondosha ndani. Panya alikula palepale, amekishika chakula kwa mikono miwili. Halikubaki hata vumbi la kumsaliti.

Kesho yake akampa tena. Kesho kutwa akaona namba thelathini naye amesimama. Kufikia wiki ya pili alikuwa anawapa wote kumi na wawili, kila mchana, gramu tatu tatu, maana kama ni haki iwe haki. Hakujiona mwizi. Chakula kilikuwa cha jalalani. Na kwenye jedwali namba za Babu Funguo zilibaki zilivyo, safi, kwa kuwa alichopima asubuhi ndicho kilichopimwa.

Wiki ya tano Daktari alishuka na karatasi mkononi, kalamu kwenye nywele, uso umekunjamana. Nyuma yake alikuwepo Msimamizi, bwana mmoja nadhifu asiyependa kukaa muda mrefu katika chumba cha panya kwa sababu ya harufu.

"Hawa wenza," alisema Daktari, "wanaongezeka uzito kama hawajanyimwa kitu. Panya wa gramu tisa hawezi kunenepa hivi. Hesabu inakataa."

Waliweka jiwe la kipimo juu ya mizani. Mizani ikasema kweli. Wakaweka jingine. Ikasema kweli tena. Msimamizi akamgeukia Babu Funguo, ambaye alikuwa anapangusa macho kwa leso, kwa kuwa macho yake yalimtoka machozi kila akisimama chini ya zile taa.

"Mzee, hebu nisomee namba hii."

Babu Funguo aliinama hadi pua ikakaribia kioo. "Kumi na... nane. Hapana. Tatu. Kumi na tatu."

Ilikuwa kumi na tatu. Lakini Msimamizi alikwishasikia ile nane.

"Tumepata jibu," alisema. Hakuwa mkatili, alisema kama mtu aliyepata bomba linalovuja. "Kuanzia Jumatatu mzee akae stoo. Na mimi nitaandika aende mapumziko mapema. Macho hayana kosa, ni umri."

Babu Funguo alichukua kitita cha funguo, akaanza kutafuta ule wa kabati, akaukosa, akarudia. Shangazi alisimama karibu na sinki, maji yanamwagika juu ya mikono yake. Alijua anapaswa kusema, akaacha maji yaendelee kumwagika. Daktari na Msimamizi wakapanda ngazi, na mlango ukajifunga.

"Miezi minane tu ilibaki," alisema Babu Funguo. "Nilitaka niondoke kwa mlango wa mbele."

Shangazi alifunga bomba. Hakufuta mikono. Alipanda ngazi zote tatu za kwenda juu bila kupumzika, magoti yakilia, akagonga mlango wa ofisi ya Daktari na kuingia kabla hajaitikiwa.

Ofisi ilikuwa ndogo, mafaili hadi kwenye kiti cha wageni. Daktari aliinua macho. Shangazi akabaki amesimama, maji yanadondoka sakafuni.

"Babu haoni vizuri, ni kweli," alisema. "Lakini hajakosea. Ni mimi. Nawapa wenza chakula. Kila mchana. Gramu tatu, wakati mwingine nne."

"Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza. Mwishoni mwishoni."

Daktari aliweka kalamu mezani. Shangazi akatamani apigiwe kelele ayamalize. Hakupigiwa.

"Kwa nini?"

"Walikuwa na njaa, Daktari. Wazima kabisa, na wana njaa. Sikuona wamekosa nini."

"Shangazi, kwani unajua wale wenza ni wa nini?"

"Hakuna aliyeniambia."

Daktari alifumba macho, akayafumbua. Kulikuwa na hasira usoni, lakini ilianza kutafuta mahali pengine pa kutua. Aliinuka, akaondoa mafaili kwenye kiti, akamwonyesha akae.

"Dawa ile ni ya saratani," alisema. "Ni ya ukoo mmoja na dawa wanazopewa watoto. Inaokoa. Lakini watoto wengi wakipona wanabaki wafupi. Sasa mtoto anayetumia dawa ile pia hali chakula. Kwa hiyo kuna washukiwa wawili. Dawa yenyewe, yaani sumu yake inayoingia kwenye mfupa unaokua. Na njaa, kwa sababu mfupa haujengwi kwa hewa. Ukiwalinganisha wagonjwa na walioshiba, utaona mifupa mifupi, lakini hutajua nani mwizi. Ndiyo nikawaweka wenza. Wana njaa ile ile, bila dawa. Tofauti kati ya wenza na walioshiba, hiyo ni ya njaa. Tofauti kati ya wagonjwa na wenza, hiyo ni ya dawa peke yake."

Shangazi, aliyekuwa ameanza kupangusa mikono kwenye koti, aliacha.

"Wewe ukiwalisha wenza," Daktari aliendelea, "mifupa yao inarefuka. Mimi napima, naandika kwamba njaa haina kosa lolote, dawa ndiyo mwizi peke yake. Ningeandika uongo kwa nia njema kabisa. Na mahali fulani mtu angesoma, akampunguzia mtoto dawa inayomponya, na asihangaike na chakula chake."

"Daktari," alisema Shangazi, na sauti yake nzito ilikuwa imekonda. "Mtoto akipewa dawa ya namna hiyo, na asile, na akawa mfupi. Hujui kilichomfupisha?"

"Sijui. Ndiyo maana tunauliza."

"Hakuna anayejua?"

"Kuna wanaodhani."

Ndipo Shangazi alipolia, pale pale kwenye kiti cha wageni, kilio kisicho na sauti, mabega tu. Na kwa mara ya kwanza tangu bakuli lile la uji alimwambia mtu mwingine habari ya binti yake, sahani zilizorudi zimejaa, na lile neno "amekula". Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Hakusema kwamba si kosa lake. Alisema tu, "Mtoto wa miaka saba mwenye vidonda mdomoni. Hata mimi nisingemshinda." Kisha akampa karatasi za kujifutia, na baada ya hapo akamwambia kwamba hana budi kumwandikia barua ya onyo.

Barua ilikuja. Msimamizi alitaka aondolewe kabisa, na ilichukua vikao viwili kumtuliza. Panya wote thelathini na sita walifutwa kwenye utafiti. Wiki tano za kazi zikaenda na maji. Babu Funguo alirudishiwa mizani yake, na kituo kikampeleka kupimwa macho. Alirudi na miwani minene yenye fremu nyeusi, akaingia chumbani, akatazama kushoto na kulia.

"Kumbe wana sharubu," alisema.

Kwa siku tatu hakumsemesha Shangazi zaidi ya salamu. Siku ya nne alimwekea kikombe cha chai karibu na sinki, akasema bila kumtazama, "Dada, ulipanda ngazi zile kwa magoti hayo?"

"Nilipanda."

"Basi," alisema, na hapo yakaisha.

Wakaanza upya, na panya wapya thelathini na sita. Shangazi alimwomba Daktari amwachie wenza mikononi mwake. Daktari alikataa. Akaomba tena wiki iliyofuata. Safari hii Daktari akakubali kwa sharti: kila kipimo kiwe cha watu wawili, yeye na Babu Funguo, na saini mbili, na gunia la makombo lifungwe kabatini.

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile, na haikuwa na mzigo wa kubeba. Kila asubuhi alipima gramu tisa, gramu kumi, gramu nane na nusu, akaweka. Kila mchana alirudi, akawakuta wamesimama kwenye waya. Sasa alijua wanachofanyia kazi, wao wasijue, na hilo ndilo lililomuuma. Alijifunza kufanya kazi amewapa mgongo. Siku nyingine alizungumza nao huku anapangusa sakafu, akiwasimulia mambo ya mtaani, nani kahama, nani kanunua redio inayosumbua watu. Hakuwapa hata punje.

Wagonjwa nao aliwafanyia lile lililoruhusiwa. Aliomba chakula chao kilowekwe maji kiwe laini, kwa kuwa alijua vidonda vya mdomo vinavyouma. Daktari akasema sawa, mradi makundi yote yalowekewe vivyo hivyo na uzito upimwe kabla ya maji. Walikula kidogo zaidi. Si sana, lakini kidogo zaidi.

Mwisho wa utafiti ulipofika, panya walilazwa kwa dawa ya usingizi ambayo hawakuamka tena. Shangazi hakuwahi kuizoea siku hiyo katika utafiti wowote. Aliwashika mmoja mmoja hadi wakalegea, kwa sababu aliona afadhali mikono wanayoijua. Mifupa ya paja ilitolewa, ikasafishwa, ikapangwa juu ya kitambaa cheusi, kila mmoja na namba yake. Ilikuwa myembamba kama vijiti vya kiberiti.

Daktari alimwita juu aone. Alibana kila mfupa kwa kifaa cha kupimia chenye meno mawili, Babu Funguo akasoma namba kwa miwani yake, Shangazi akaandika. Hawakuhitaji kungoja hesabu. Safu tatu zilijieleza zenyewe juu ya kitambaa. Ya matajiri ilikuwa ndefu. Ya wenza ilipungua kidogo. Ya wagonjwa ilipungua zaidi ya hapo, na si kwa unywele.

Kisha Daktari akamkalisha kwenye hadubini. Alimwonyesha kipande chembamba kilichokatwa karibu na goti, penye tabaka la gegedu, ule mfupa mchanga laini, ambapo urefu huongezeka. Kwa wenza, chembe hai zilisimama kwenye safu zao kama sahani kabatini, ila sahani zilikuwa chache. Kwa wagonjwa, safu zilikuwa zimevurugika, chembe zimevimba, nyingine hazipo.

"Njaa imepunguza wafanyakazi," alisema Daktari. "Dawa imewapiga waliokuwa kazini."

"Kwa hiyo wote wawili."

"Wote wawili. Ila dawa imechukua zaidi. Kwa hawa panya, kwa kipimo hiki cha dawa. Shangazi, nisikilize. Siwezi kukwambia habari ya binti yako kwa kutumia panya. Sitaki uondoke hapa na kitu ambacho sikusema."

"Nimekusikia," alisema Shangazi, na kweli alikuwa amesikia. Hata hivyo alikaa kwenye hadubini ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili alikwenda kwa binti yake. Nukta alikuwa mezani anasahihisha mitihani, miguu yake ikining'inia bila kugusa sakafu. Shangazi alikataa chai, jambo ambalo peke yake lilimfanya binti aweke kalamu chini. Akamweleza yote. Panya, gramu tatu, barua ya onyo, mifupa juu ya kitambaa. Halafu bakuli. Kwamba alimwaga chakula nyuma ya nyumba na kuwaambia watu amekula. Kwamba alijihesabia kosa hilo maisha yake yote.

Nukta alimtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomshinda kukizuia.

"Mama, mimi mwenyewe nilikuwa namwaga. Ukiniacha tu na bakuli. Dirishani, kwa kuku wa jirani. Wewe unamwaga nyuma, mimi namwaga pembeni. Wale kuku walinona kweli."

"Ulikuwa unamwaga?"

"Na nikikusikia unasema amekula, nilidhani nimekudanganya vizuri."

Shangazi hakujua acheke au alie, akafanya nusu nusu. Walipotulia, Nukta alikuwa hacheki tena. Alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu.

"Kwa hiyo umekuja nikusamehe urefu," alisema.

"Nimekuja kukwambia tu."

"Urefu haukuniuma sana. Kweli nakwambia. Shuleni nilijua la kuwajibu. Kilichoniuma ni ule mlango."

"Mlango gani?"

"Wa chumba chako. Kila mwisho wa mwezi unanisimamisha pale kwenye mwimo, unachora mstari kwa penseli juu ya kichwa changu. Halafu unatazama mstari wa mwezi uliopita. Hukuwa unasema kitu. Nilikuwa naona uso wako. Nilikuwa nasimamia vidole, Mama, ili ufurahi."

Ile mistari Shangazi aliikumbuka, minyembamba, imebanana kama ngazi ya mdudu. Aliichora kwa mapenzi, kwa hofu, akiomba kimoyomoyo kila safari. Hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba aliyesimama chini ya penseli naye alikuwa anausoma uso wake. Miaka yote alikuwa ameshika kosa moja mkononi akiligeuzageuza, na lingine lilikuwa limekaa pembeni limemngoja.

"Hilo sikulijua," alisema mwisho.

"Ungelijuaje? Sikusema."

"Nisamehe hilo, basi. Si urefu. Hilo."

"Hilo nakusamehe," alisema Nukta. Akashuka kwenye kiti, akaenda jikoni kuchemsha ile chai iliyokataliwa, na mama yake akaachiwa rundo la mitihani aitazame. Aliporudi alimkuta amevaa miwani yake ya kusomea, kidole kikifuata hesabu ya mwanafunzi fulani.

"Huyu amepata?" aliuliza Shangazi.

"Amekosa mstari wa tatu. Lakini njia yake ni nzuri."

Walikunywa chai. Waliongea habari za mtaani hadi jua likapungua makali, kisha Nukta akamsindikiza hadi kona, mkono wake kwenye kiwiko cha mama yake, mahali ulipofikia bila shida.

Babu Funguo alistaafu akaondoka kwa mlango wa mbele, na Msimamizi mwenyewe alimbebea mfuko. Shangazi alibaki. Utafiti uliofuata wa Daktari uliuliza kama mfupa unaweza kurudisha ulichopoteza dawa ikiachwa na chakula kikirudi, na jibu lake lilichukua miaka mingine. Mahali pa mzee waliletwa wahudumu wawili wapya, dada mmoja na kaka mmoja, wote wakiogopa kuumwa vidole.

Siku yao ya kwanza Shangazi hakuwapa mizani wala jedwali. Aliwakalisha kwenye ndoo mbili zilizogeuzwa, akawaeleza kundi la kwanza ni la nini, la pili ni la nini, na la tatu linabaki na njaa kwa ajili ya nani. Akawaambia kwamba watawaonea huruma, na kwamba hiyo haina ubaya. Akawaambia na yeye alichofanya, bila kujipunguzia. Yule dada akauliza kama alifukuzwa.

"Ningefukuzwa ningekuwa hapa?" alijibu Shangazi. "Haya, inukeni. Tuanze na chupa."